Nisukume Kwanza, Ndipo Niandike

Clémence, wewe na wenzako wa kontena la wakalimani mliniomba niwaachie lile daftari la vitenzi. Nimewaachia. Liko kwenye droo ya chini, ile isiyofunguka mpaka uipige teke kidogo upande wa kulia. Ndani mna maneno thelathini na mawili ya Kiingereza ya kupiga na kusukuma, kila moja na maelezo yake. Nilipoyahesabu mara ya kwanza yalikuwa thelathini na matatu. Nilipohesabu tena nikakuta shove nimeliandika mara mbili, na mara ya pili mwandiko ni wa mtu mwingine kabisa, ingawa mkono ni wangu.

Kwa sababu ya neno hilo nimeona niwaandikie. Daftari peke yake litawadanganya kama lilivyonidanganya mimi, na atakayeumia hatakuwa mmoja wenu.

Habari za vyeo siandiki, vilikuwa vichache. Za mishahara mnazijua, na kila mtu ana uchungu wake. Nianze na siku ya kwanza.

Kazi hii sikuisomea. Kiingereza changu nilikiokota Kasumbalesa, mpakani, nikiwauzia madereva wa malori ya Zambia sabuni, betri na viatu. Kiingereza cha mpakani ni nusu bei, nusu matusi, na katikati kuna kidogo cha kuulizana hali ya watoto. Nilipokuja kuomba kazi hapa mgodini, mkubwa mmoja aliniuliza kama ninajua Kiingereza. Nikamuuliza anahitaji kiasi gani. Akacheka, nikaingia.

Nilimkuta Tata Ngoie. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kamina kabla ya kuja Kolwezi, Mprotestanti wa kaskazini, hanywi, havuti, na hacheki kabla ya saa sita mchana. Kontena lilikuwa lile lile mnalokaa, ila halikuwa na feni. Kulikuwa na viti viwili, benchi la mashahidi, na nyuma ya mlango koti la kijivu linaloning'inia kwenye msumari. Bega lake la kushoto lilikuwa na kiraka, na juu ya kiraka kiraka kingine. Nilidhani ni umaskini wa mwalimu. Kumbe ni chombo cha kazi.

Kazi yenyewe mnaijua. Mtu akiumia au akigombana mgodini, karatasi lazima iandikwe kwa Kiingereza, na watu wetu wanasema kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na kwetu "piga" hufanya kazi ya kijiji kizima. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga foto, tunapiga magoti, na Jumamosi tunapigana. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vibarua wengi, na kila kibarua ana mshahara wake kwenye fomu. Ukiandika bump, watu wawili wamegongana tu, kila mtu arudi kazini. Ukiandika push, mtu anapelekwa siku mbili kwenye mafunzo ya usalama, anakula mkate wa bure. Ukiandika shove, anarudisha kofia ngumu na kadi ya mlangoni siku hiyo hiyo.

Kesi ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya Mama Véronique wa kantini. Dereva mmoja alikuwa na nundu kichwani, yeye alikuwa na mwiko wa ugali. Tata Ngoie akauliza:

"Mama, ulimupiga?"

"Nani, mi? Hapana. Nilimukumbusha."

"Ulimukumbusha na nini?"

"Na mwiko ya bukari."

"Wapi?"

"Pa kichwa. Njo pale mutu anakumbukaka."

Tata Ngoie akaandika tap kwa penseli. Kisha akainuka, akavaa koti la kijivu, akakaa mbele yake, akainamisha kichwa. "Nionyeshe," akasema. "Usipunguze, usiongeze."

Mama Véronique alinitazama mimi, kama anatafuta shahidi kwamba ameruhusiwa. Halafu akaonyesha. Mlio ulifika mpaka karakana. Tata Ngoie akafuta tap, akaandika whack. Akanigeukia na macho yake yana maji. "Sasa unajua penseli ni ya nini," akasema.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Aliyefanya kitu alimfanyia yeye, pale pale, kwa kipimo kile kile, na baada ya hapo ndipo neno lilipochaguliwa. Alisema kinywa cha mtu kinafika kontena kimeshapata wakili njiani, lakini mkono haujui kutengeneza habari. Mgodi mzima ulijua desturi hiyo. Watu walikuwa wakiingia tu, wanauliza: "Koti iko wapi?"

Maneno alinifundisha kwa bega langu. Nudge ni kiwiko cha jirani yako kanisani pasta anapouliza nani amelala. Poke ni kidole. Jab ni kidole chenye hasira. Push ni viganja. Siku ya shove alinisimamisha katikati ya chumba, akanisukuma, nikaenda kugonga kabati. Nilipoinuka alikuwa ameshanipa mgongo, anafuta miwani.

"Umeona tofauti?"

"Nimesikia tofauti, tata. Push haikunifikisha kwa kabati."

"Si nguvu," akasema. "Hata push inaweza kuwa na nguvu. Shove ni ile ambayo mwenye kusukuma hajali utaangukia wapi. Angalia mikono yake ikishamaliza. Inaenda wapi? Njo pale unajua."

Niliyaandika hayo kwenye daftari. Someni ukurasa wa nne. Yameandikwa vizuri kabisa, kwa wino, na mtu aliyeyaandika ndiye aliyeyasahau.

Mimi niliongezea ya kwangu. Mtu wa mpakani hawezi kukubali bei ya kwanza, hata ya kofi. Shahidi akisema "alinichapa, tata, alinichapa kabisa," nilimtolea neno la chini: "Tuseme alikugusa?" Akapiga kelele. Nikapanda kidogo, akashuka kidogo, na mara nyingi tulikutana kwenye push, kila mtu akaenda nyumbani na kazi yake. Tata Ngoie hakupenda. "Unauzia bantu maneno," alisema. Lakini hakunikataza, kwa sababu kantini ilikuwa na amani.

Alipostaafu aliacha koti kwenye msumari. Nilimkimbilia nalo mpaka getini. Akanirudishia. "Hii si ya kukumbuka mi," akasema. "Ni ya kuvaa." Mwaka haukuisha, tukamzika kwao Kamina.

Nikalivaa. Kwa miaka kadhaa nilipigwa kwa uaminifu. Fundi mmoja wa magari alinitupa juu ya meza, mpishi alinikanyaga, na mwanamke wa usafi alinionyesha jinsi alivyomzuia msimamizi wake kwa ndoo, ndoo ikiwa na maji. Mke wangu alikuwa akinipaka mafuta begani jioni, anasema: "Wanaume ya bengine banaleta mukate. Ya kwangu inaleta bega."

Sasa nakuja kwenye ile siku.

Théo Banza alikuwa mtu wa mtaa wa Kasulo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa anachimba kobalti chini ya nyumba yake mwenyewe, chumbani, kama majirani zake wote. Mkewe, Mama Odette, ndiye aliyemtoa shimoni. Alimwambia hawezi kulala kitandani huku mume yuko chini ya kitanda na bado hajafa. Banza akafunika shimo kwa mbao, akaja kuomba kazi mahali penye kofia ngumu na mabango ya usalama. Mnaelewa: alikuja kwetu ili asife.

Félicien Kyungu alikuwa wa Mutshatsha, mtoto wa wakulima wanaochoma mkaa, makala yetu ya jikoni, mkimya, mwenye mikono mikubwa isiyojua ikae wapi. Yeye na Banza walikuwa ekipi moja, kazi yao ni kuelekeza malori makubwa yanaporudi kinyumenyume kumwaga mawe.

Asubuhi moja waligombana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kyungu alikuwa amevaa buti za Banza kwa makosa. Banza alimwita mwizi wa makala, Kyungu akamjibu, "We, leo utaniona." Maneno ya kila asubuhi. Chumba kizima kilisikia, wakacheka, wakashuka shimoni.

Saa tano Banza alikuwa amesimama juu ya tuta, mgongo kwa lori, anamwelekeza mtu aliyekuwa chini shimoni. Lori likawa linarudi. Kyungu akakimbia kutoka upande, akamsukuma Banza kwa nyuma. Lori likasimama hatua mbili kabla ya pale alipokuwa Banza. Lakini Banza hakuwepo tena pale. Alikuwa ameangukia ng'ambo ya tuta, kimo cha nyumba, juu ya mawe. Akafa hospitalini siku ya pili, bila kuzinduka.

Swali lilikuwa moja, na kazi ya Kyungu na jina lake vilining'inia hapo: alimsukuma kumwokoa, au alimsukuma kwa zile buti? Dereva wa lori alisema alisimama mwenyewe, alikuwa anaona kila kitu. Kama ni hivyo, hapakuwa na hatari yoyote ya kumwokoa mtu nayo.

Maelezo ya Kyungu yalichukuliwa siku ya tatu, mchana. Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kwangu saa tisa kuzungumza mahari ya binti yangu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, jipya, ambalo nililibishania sokoni mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina ugomvi na ukoo wake. Nilikuwa nimehesabu viti nyumbani mara mbili. Kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka kontenani, mwili tu ulikuwa umebaki kumalizia.

Mkubwa wa usalama alikuwa mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Stivu. Si mtu mbaya. Alipenda neno lililo sawa, na aliniamini. Juu ya meza alikuwa ameweka jile ya Banza, kile kizibao cha njano chenye mikanda ya kung'aa. Ilikuwa imepasuka mgongoni kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kyungu alikaa kwenye benchi, ametolewa kwenye matope ya shimoni moja kwa moja, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

Nikamuuliza: "Kyungu, ulifanya nini?"

"Nilimusukuma, tata."

"Kidogo, ama na nguvu?"

"Na nguvu. Na nguvu yangu yote."

Bwana Stivu akauliza: push, au shove?

Kyungu hakujua Kiingereza, lakini alijua desturi. Aliinuka, akanyoosha ile mikono. "Ngoja nikuonyeshe, Tata Kalenga."

Koti lilikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu. Nilizihesabu baadaye, mara nyingi. Kulivaa juu ya shati lile kungelikunja, na matope ya mikono ile yangepita kwenye kitambaa chake kilichochoka. Nilitazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Acha," nikasema. "Nimeelewa."

"Hapana, tata, haujaelewa. Haikuishia pale."

"Basi sema."

"Kusema siwezi muzuri. Nipe mugongo kidogo tu."

"Kaa, Kyungu."

Akakaa. Nikamgeukia Bwana Stivu, nikasema: shove. Kwa wino, si kwa penseli.

Kisha Bwana Stivu akagusa ile jile kwa ncha ya kalamu, akaniuliza imepasukaje. Swali hilo sikumpelekea Kyungu. Nilijibu mwenyewe. Nilisema waligombana asubuhi, na kwamba Kyungu amesema alisukuma kwa nguvu yake yote. Nilisema kweli mbili, moja baada ya nyingine, na zikiwa zimesimama pamoja zilikuwa uongo. Clémence, ukisahau yote niliyoandika hapa, shika hili: swali likiulizwa, hata kama jibu unalo mfukoni, mpelekee aliyekaa kwenye benchi.

Kyungu alirudisha kofia na kadi kabla ya saa kumi. Saa hizo nilikuwa nyumbani nabishania mahari. Walisema nilibishana vizuri. Mimi sikumbuki tulifikia wapi.

Kwenye vilio vyetu, aliyekuwa na marehemu mwisho hutakiwa kuja, akae karibu na mjane, amweleze jinsi alivyokwenda: alikuwa amesimama wapi, alisema nini, alitazama upande gani. Ni deni zito kuliko sanda. Kyungu alikwenda Kasulo, akiwa amevaa nguo zake safi. Kaka zake Banza walikuwa wameshasikia kilichoandikwa kwenye karatasi. Walimzuia uani. Hawakumpiga, walimwambia tu: "Umekuja kumaliza na mwanamuke?" Akarudi Mutshatsha, na Mama Odette akamlilia mume ambaye hakuna aliyemweleza dakika yake ya mwisho, ila karatasi.

Wiki chache zilipita. Nilikuwa kwenye mstari wa kantini, na yule dereva wa lori alikuwa nyuma yangu. Alizungumza kwa sauti ndogo, anatazama sahani yake.

"Tata Kalenga, ile siku, mi sikumuona Banza."

"Ulisema ulimuona."

"Niliogopa kazi. Mi nilisikia kelele ya Kyungu, njo nikasimama. Kama hakulia, ningepita."

Niliacha sahani pale pale, nikaenda kwa Bwana Stivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema faili limefungwa, limeshakwenda juu, na dereva hatasema hivyo mbele ya karatasi. Nikasema asante. Mimi, niliyewahi kubishana mpakani tangu asubuhi mpaka forodha ikafungwa kwa ajili ya viatu viwili vya mguu mmoja, nilikubali bei ya kwanza. Nikarudi kontenani, nikafungua daftari, nikaandika shove mara ya pili. Sikuweka maelezo. Ukurasa uko hivyo mpaka leo.

Toka siku ile nilivaa koti kila kesi, hata ya mtu aliyegongwa na mlango. Mlinicheka, na mlikuwa na haki. Nilikuwa namlipa mtu ambaye hakuwepo.

Mtaniuliza kwa nini sikumtafuta Kyungu mapema. Mutshatsha si mbinguni. Nimeliuza swali hilo kichwani mwangu kwa majibu mengi, na yote yalikuwa ya bei rahisi. Ukweli ni kwamba niliogopa atanionyesha.

Mliponipa ile saa ya ukutani siku ya kuagana, niliipeleka nyumbani, nikaitundika, nikaitazama. Ilikuwa saa nane na nusu. Si miujiza, kila siku inafika hapo mara mbili. Lakini siku ya pili nilikwenda stesheni. Treni haikuja siku hiyo, wala kesho yake, nikapanda lori la makala lililokuwa linarudi Mutshatsha tupu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, anafukua tanuru la makala kwa reki. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu, na mimi ndiye mkubwa. Alinitazama, akaendelea kuvuta reki, akanitazama tena.

"Tata Kalenga. Ulipotea njia?"

"Hapana. Nilichelewa."

"Miaka kenda."

"Kenda. Nimehesabu mara mbili."

"Na miezi?"

Sikuwa nayo. Ndiyo hesabu pekee ambayo mtu aliwahi kunishinda.

Nilivua koti la safari. Ndani nilikuwa nimevaa lile shati jeupe, sasa limekuwa na rangi ya chai shingoni. Pembeni ya tanuru palikuwa na shimo la zamani lililojaa majivu, lenye kina cha goti. Nikasimama ukingoni mwake, nikampa mgongo.

"Nionyeshe, Kyungu. Usipunguze, usiongeze."

"Mikono yangu ni ya makala, tata."

"Naona."

"Na we ni muzee. Utaanguka."

"Ile siku nilikatala. Leo ninaomba."

Nilisikia reki inawekwa chini. Baadaye sikusikia chochote, kwa muda mrefu, mpaka nikafikiri ameingia ndani na kuniacha nimesimama kama mti. Ndipo viganja viwili vikanipata kiunoni, vyote kwa pamoja, miguu ikaniacha. Nilikuwa hewani naona majivu yanakuja usoni. Na kabla hayajafika, vidole vilifunga mgongoni kwangu. Vyote kumi. Vilishika shati, vikanivuta nyuma, kola ikanikaba koo, nikaning'inia pale. Halafu nikasikia kitambaa kinaachia, kutoka shingoni mpaka kiunoni, na nikaanguka kwenye majivu kwa mikono na magoti.

Nilipogeuka, Kyungu alikuwa bado ameinama, mikono mbele, vidole vimefunga juu ya kipande cha shati.

"Njo hiyo," akasema. "Nilimutoa pa njia ya lori. Mara naona anaenda chini. Nilimukamata, tata. Nilimukamata kabisa. Jile njo iliachilia."

Nilikaa kwenye majivu. Yeye alikaa ukingoni. Mkewe alitoka na maji, akatuona, akayaweka chini, akarudi ndani.

"Ungesema hivyo," nikamwambia mwishoni. "Ungesema nilimukamata."

"Nilisema haikuishia pale. Njo maneno nilikuwa nayo."

Nilirudi Kolwezi na shati kwenye mfuko wa plastiki. Sikulifua. Siku iliyofuata nilikwenda Kasulo, nikauliza nyumba ya Mama Odette. Alinikaribisha kama mgeni yeyote, akaninyooshea kidole sakafuni. "Usikanyage pale, tata. Ni mbao tu." Chini ya mkeka mbao za Banza zilikuwa bado zinafunika shimo lake, na mjane wake amekuwa akipazunguka miaka yote hiyo.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia yote, kuanzia shati jipya. Nilimwambia na lile swali nililolijibu mwenyewe, ingawa lugha yangu yote ya mpakani ilikuwa inanishauri niliruke. Alisikiliza bila kubadilisha mkao. Nilipomaliza, aliingia chumbani, akarudi na jile ya njano. Kumbe kampuni ilimpa pamoja na buti.

Aliitandika juu ya meza, kifua chini. Nikatandika shati kando yake. Viganja vya makala vilionekana wazi kiunoni, viwili, vipana. Juu yake, alama za vidole zilikuwa zimekusanyika kama mtu aliyeshika kamba, na kuanzia hapo kitambaa kilikuwa kimekwenda zake. Mama Odette aliweka kidole kwenye kola ya jile, akakishusha polepole kufuata mpasuko. Kisha akafanya hivyo hivyo kwenye shati. Ilikuwa njia moja.

"Bashemeki bangu, kaka za Banza, balisema ni mapigano ilipasua hii," akasema.

"Ni mi nilisema, mama. Bo balisikia tu."

"Miaka kenda." Alikuwa bado anatazama meza. "Miaka kenda nalala nikijua mume yangu alikufa katika hasira ya mutu. Na ile mugongo ulikuwa nayo siku zote."

"Nilikuwa nayo, mama."

Alikunja jile, akalikunja na shati langu juu yake, hakunirudishia. "Umuambie akuye," akasema. "We utabakia inje."

Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Kyungu alikuja na lile lile lori la makala, safari hii limejaa, amekaa juu ya magunia na nguo zake safi ndani ya mfuko. Alibadilisha kwangu. Mke wangu alimpa sabuni, akanawa mara tatu, weusi ukabaki kwenye kucha. Nikampeleka Kasulo mpaka mlangoni. Mama Odette alifungua, akamtazama mikono kabla ya uso, akasogea pembeni. Nilimsikia anamwambia asikanyage mbao. Mlango ukafungwa.

Nikasimama nje, kwenye ukuta, jua likinipiga kichwani. Watu walipita wakidhani ninauza kitu. Ndani hapakuwa na sauti, baadaye ikawa sauti ya Kyungu, nzito, inakwama, inaanza tena. Ikanyamaza. Kisha Mama Odette akaanza kulia. Si kwa sauti ya mtu aliyefiwa zamani, bali kama wametoka kumwambia sasa hivi. Baada ya muda nikasikia sauti nyingine, nzito, imeingia kulia chini ya ile.

Nikahesabu: mbili. Nikahesabu tena.